Mbele Usiipe Makombo

Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha usiku kucha, na saa moja asubuhi Nkubu ilinukia udongo mbichi na moshi wa kuni. Kando ya barabara kuu ya Meru kwenda Embu, fundi wa pikipiki, mzee mwenye mvi chache, alikuwa amepiga goti juu ya kipande cha gunia, gurudumu la nyuma la nduthi likiwa limelazwa mbele yake. Mwenye nduthi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama pembeni akiwa amekumbatia tairi mpya. Bado ilikuwa na vile vinyweleo vya mpira ambavyo hukatika siku ya kwanza barabarani.

"Fundi, hii mpya weka nyuma," kijana alisema. "Ile ya nyuma hamishia mbele. Ya mbele tupa."

Fundi hakujibu upesi. Aliinua tairi kuukuu aliyokuwa ameitoa, akapitisha kidole gumba katikati yake. Pembeni kashata zilikuwa zimebaki kidogo, lakini katikati palikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani.

"Kijana wangu, ukiteremka mtoni unatangulia na nini?"

"Na mbele, mzee."

"Sasa mbona mbele unaipa makombo?"

Sijalisahau swali hilo. Tangu asubuhi ile, kila nikipita steji ya boda boda Meru au Embu huinama kidogo kutazama magurudumu ya mbele. Mengi yamevaa tairi zilizostaafu nyuma. Tairi ya nyuma ndiyo inayosukuma na ndiyo inayobeba abiria na mizigo, kwa hivyo ndiyo inayoisha kwanza, na pesa zikipatikana ndiyo inayonunuliwa mpya. Ya mbele hupewa iliyobaki. Ni desturi inayoonekana ya akili, kwani hakuna kinachotupwa kabla ya wakati wake. Lakini katika nchi ya miteremko kama hii, ni desturi inayotuumiza, na huu ndio msimu wa kuiacha.

Mlima na udongo wake

Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na mito inayoshuka upande wake wa mashariki imechimba mabonde njia nzima hadi kuungana na Tana: Rupingazi na Ena upande wa Embu, Nithi huko katikati, Kathita upande wa Meru. Anayefuata mgongo mmoja kutoka kwenye majani chai hadi kwenye kahawa huteremka polepole. Anayevuka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine hana budi kutumbukia bondeni, kuvuka daraja, na kupanda tena. Barabara ya lami inayotoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka, Igoji na Nkubu hadi Meru huyavuka mabonde hayo moja baada ya jingine.

Ukiiacha lami, unaingia kwenye udongo mwekundu wa volkeno. Kwa chai, kahawa na ndizi udongo huo ni baraka. Kwa gurudumu ni mtihani. Ukikauka, ni vumbi lililotandazwa juu ya sakafu ngumu. Ukilowa, tabaka la juu huwa kama sabuni huku chini pakiwa bado pagumu. Pikipiki inayoteleza hapo imekosa kitu cha kushika, kwa maana kashata zake hazikufika kwenye ile sakafu ngumu, au zilifika zikiwa zimejaa matope.

Na juu ya udongo huo ndipo maisha yetu yanapopita. Boda boda ilianza kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia. Mwaka 2008 serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizozidi cc 250, injini ikachukua nafasi ya kanyagio nchi nzima. Leo, alfajiri katika vilima vya Imenti, pikipiki ndiyo inayopeleka mikebe ya maziwa na magunia ya majani chai. Mchana inabeba mikungu ya ndizi, mbolea, mbao za ujenzi, na mama mjamzito anayekwenda kliniki. Kule Igembe inabeba miraa iliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Kule Mbeere inabeba muguka. Miraa huanza kupoteza nguvu yake siku moja mbili baada ya kuchumwa, kwa hivyo anayeibeba ana haraka hata mvua iwe inamwagika.

Tangu mwaka 2021, mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, imehesabu vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka katika barabara za Kenya, na wanaopanda pikipiki ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Tairi haiwezi kubeba lawama yote. Mwendo wa kasi upo, pombe ipo, madereva wa magari wasiojali wapo. Lakini tairi ni kitu ambacho mwendeshaji anaweza kukiamua mwenyewe, kwa pesa zake, kabla hajawasha injini.

Nyuma husukuma, mbele huongoza

Sehemu ya tairi ya mbele inayogusa ardhi kwa wakati mmoja ni ndogo kuliko kiganja cha mkono. Kila agizo unalotoa kwa usukani, kata kushoto, rudi kulia, simama, hupitia hapo. Ukishika breki kwenye mteremko, uzito wa pikipiki, wako na wa abiria huegemea mbele, na tairi ya nyuma huanza kuelea. Wakati huo ya mbele ndiyo iliyoshika maisha yenu.

Waendeshaji wazoefu wanalijua hili mwilini hata kama hawajawahi kulieleza. Nyuma ikiteleza, pikipiki inatikisa mkia. Unashusha mguu, unalegeza mafuta, mara nyingi unajikomboa. Mbele ikiteleza huna muda huo. Usukani unajikunja wenyewe na kabla hujajua umeshalala ubavuni, injini bado inaunguruma. Tairi mbovu ya nyuma hukunyima kupanda, na kushindwa kupanda mara nyingi ni kuchelewa tu. Tairi mbovu ya mbele hukunyima kona, na kona ukiikosa huko mabondeni unaishia mferejini au hospitalini.

Ndiyo maana viwanda huzichora tairi hizi mbili tofauti. Ya mbele mara nyingi ina mistari inayozunguka gurudumu kwa urefu, kama matuta ya shamba yaliyofuata njia. Mistari hiyo huizuia isikimbilie pembeni. Ya nyuma ina kashata zilizokatwa kwa upana, kama ngazi, ili isukume. Ukiitoa ya nyuma ukaipeleka mbele umebadilisha kazi ya mpira ule. Isitoshe, ya nyuma imeliwa katikati ikawa bapa, kwa hivyo kwenye kona hailali kidogo kidogo; inakataa, halafu inaanguka ghafla.

Kanuni hii haiko kwetu peke yetu. Huko Kanada na Ufini, ambako kwa miezi kadhaa ardhi haionekani kwa theluji, watu hupanda pikipiki za theluji, aina iliyopata umaarufu mkubwa baada ya Joseph-Armand Bombardier wa Quebec kuanza kuuza Ski-Doo mwaka 1959. Nyuma zina mkanda mpana wa mpira unaosukuma. Mbele hazina magurudumu, zina ski mbili, vipande virefu vilivyopinda juu kama ncha ya mtumbwi. Chini ya kila ski kuna ukingo uliotokeza, na kwenye ukingo huo kuna fito ya chuma kigumu inayokata theluji ili chombo kikate kona. Fito hiyo huisha na hubadilishwa. Anayenunua ski mpya hujiuliza kwanza anapita wapi: theluji laini yenye kina huhitaji ski pana isizame, njia iliyoshindiliwa huhitaji ski nyembamba yenye ukingo wa kukata. Mtu wa Quebec na mtu wa Nkubu hawajawahi kuonana, lakini wote wawili wanaongozwa na kile kinachotangulia kugusa ardhi, na wote wawili lazima waijue ardhi yao kabla ya kufungua pochi.

Kusoma ubavu wa tairi

Tairi huja na maelezo yake ubavuni, na yeyote anayejua nambari anaweza kuyasoma. Tuchukue tairi za pikipiki nyingi za kazi, zile za rimu ya 17. Mbele utakuta 2.75-17, nyuma 3.00-17. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni ukubwa wa rimu. Ukiifunga 3.00 mahali pa 2.75, usukani unakuwa mzito, na nafasi kati ya tairi na madigadi inapungua. Kwenye udongo wetu mwekundu nafasi hiyo ni muhimu mno. Matope hujaa pale juu, yakashindiliwa, hadi gurudumu likagoma kuzunguka katikati ya mteremko.

Baada ya ukubwa huja kitu kama 41P au 50P. Nambari ni kiwango cha mzigo: 41 ni kilo 145, 50 ni kilo 190. Herufi ni mwendo ambao tairi imeundwa kuustahimili. P ni kilomita 150 kwa saa, ambayo hakuna sababu ya mtu kuifikia Meru wala kwingineko. Cha kuangalia ni mzigo. Tupige hesabu. Pikipiki yenyewe tuseme kilo 120, mwendeshaji 70, abiria 70, na gunia la kilo 90. Jumla ni kilo 350. Tairi mbili zenye 41 na 50 zimepimwa kwa kilo 335 zote kwa pamoja. Na mzigo wa boda boda hukaa nyuma. Hata ikiwa theluthi mbili tu za uzito huo zimeegemea tairi ya nyuma, ni zaidi ya kilo 230 juu ya tairi ya kilo 190. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Anayebeba wawili na gunia juu yake ameshavuka uwezo wa mpira kabla hajaondoka stejini, na hakuna aina ya tairi itakayomwokoa.

Tafuta pia tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa umening'inizwa dukani, hasa ukipigwa na jua mchana kutwa mlangoni. Ikunje kidogo kwa mikono miwili. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele kati ya kashata, mrudishie mwenye duka hata kama inang'aa. Mwisho, tafuta mshale. Tairi nyingi zina upande wa kuzungukia, na mshale ndio unaouonyesha. Na penye herufi TWI pana kinundu kidogo ndani ya mfereji. Kashata zikiisha hadi usawa wa kinundu hicho, tairi imemaliza kazi yake.

Mbeere si Imenti

Hakuna tairi moja inayofaa kote. Ukitoka kwenye mashamba ya chai ya juu ya Runyenjes ukashuka hadi Siakago na Kiritiri, umepita nchi mbili kwa safari moja.

Huko juu, katika ukanda wa chai na kahawa, adui ni matope. Tairi inayofaa ina kashata ndefu zilizoachana, ili matope yaruke nje gurudumu linapozunguka. Kashata zilizobanana hujaa mara moja, na baada ya hapo unaendesha juu ya udongo uliopaka tairi, si juu ya tairi. Kwa mbele, tairi nyembamba ni bora kuliko pana, kwa kuwa inapasua lile tabaka la sabuni na kufika kwenye ardhi ngumu chini yake. Wengine hufunga cheni kwenye gurudumu la nyuma kipindi cha mvua nzito. Cheni inasaidia kupanda, lakini ukiifunga nyuma na kuiacha mbele ikiwa kipara, umejipatia nguvu ya kufika juu bila uhakika wa kushuka.

Huko chini Mbeere, na pia upande wa Meru unaoshukia nyanda kavu, adui ni miiba ya migunga, mawe na mchanga. Hapo tafuta tairi yenye nyuzi nyingi ndani, ile iliyoandikwa 6PR badala ya 4PR, na tyubu nzuri. Usinunue tairi ya bei kubwa ukaiweka juu ya tyubu iliyojaa viraka. Wanaotaka tairi zisizo na tyubu wakumbuke kwamba rimu ya kawaida ya spoku ina tundu kwa kila spoku, na upepo hupita humo. Tairi hizo ni za rimu zilizotengenezwa bila matundu hayo.

Na kuna wale ambao siku yao ni lami tupu, kati ya mji wa Meru na Maua au ndani ya mji wa Embu. Kashata kubwa za matope hazifai huko. Zinatetemesha usukani, huisha haraka, na kwa sababu mpira unaogusa lami ni kidogo, breki inachukua umbali mrefu zaidi. Wengi wetu tuko katikati, lami asubuhi na tope jioni. Wa hivi wachukue tairi ya mbele yenye mistari ya kuongoza katikati na kashata pembeni, na ya nyuma yenye kashata za wastani.

Hesabu ya bei rahisi

Najua jibu atakalonipa kijana aliyekopa pikipiki na ana malipo ya kila siku. Atasema pesa hazipo. Jibu hilo naliheshimu, kwa sababu ni kweli. Lakini tuhesabu pamoja. Tuseme tairi ya shilingi 2,000 inadumu miezi minne, na ya shilingi 3,200 inadumu minane. Ya kwanza inakula shilingi 500 kwa mwezi, ya pili 400. Iliyoitwa rahisi ndiyo ghali, na bado hatujahesabu siku za pancha na abiria waliopanda nduthi nyingine. Ya mbele, kwa vile haisukumi, huishi muda mrefu kuliko ya nyuma. Ukiinunua mpya na nzuri, ni gharama unayoigawanya kwa miezi mingi.

Zamani tungeweza kutegemea tairi za hapa nyumbani. Nairobi ilikuwa na kiwanda kilichoanza kwa jina la Firestone, kikawa Sameer Africa, wenye tairi za Yana. Utengenezaji ulisimama mwaka 2016. Leo tairi nyingi za pikipiki hutoka India na China, nzuri na mbaya zikiwa zimening'inia kwenye msumari mmoja. Kwa hivyo jicho la mnunuzi lina kazi kubwa zaidi. Jiepushe na tairi kipara iliyochongwa mistari upya kwa kisu cha moto. Aliyeichonga hakuongeza mpira, alipunguza uliobaki, na chini yake nyuzi ziko karibu kuchungulia.

Siku ya kufunga

Tairi nzuri iliyofungwa vibaya ni hasara. Fundi mzuri hupaka maji ya sabuni kwenye ukingo, huangalia utepe unaofunika vichwa vya spoku, na huipa tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza ili isijikunje na kubanwa na chuma. Akishajaza, anazungusha gurudumu na kutazama ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Ukiwa sawa pande zote, tairi imekaa. Ukipanda na kushuka, anaanza upya.

Upepo nao una kipimo. Kwa pikipiki nyingi za kazi, mbele ni takriban pauni 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Soma kitabu cha pikipiki yako au karatasi iliyobandikwa kwenye fremu, na upime asubuhi tairi ikiwa baridi. Kubinya kwa kidole hakukuambii chochote. Na tairi mpya ina utelezi wa kiwandani juu yake. Kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, hasa kwenye lami iliyolowa.

Kijana wa Nkubu alibishana kidogo na fundi. Halafu akanyamaza, akaitazama tairi aliyokuwa ameikumbatia. Ilikuwa 3.00, ya nyuma, na hakuwa na pesa za mbili. Fundi akamwambia aliyokuwa ameitoa nyuma inaweza kumaliza wiki mbili tatu kama atapunguza mizigo na kukwepa njia ya mtoni. Ya mbele haiwezi kumaliza hata leo. Kijana akavuka barabara, akarudi dukani, akabadilisha. Alirudi na 2.75 na chenji mfukoni, ikaingia kwenye akiba ya ile ya nyuma.

Fundi aliifunga bila maneno mengi, mshale ukielekea mbele. Kijana alipoondoka nilishuka naye kwa macho hadi pale barabara ya udongo inapoiacha lami na kukata kushoto, halafu nikaenda kutazama alama alizoacha. Kwenye njia iliyonyooka palikuwa na mstari mmoja tu, wa tairi ya nyuma iliyokwisha, kwa sababu ya nyuma hupita juu ya ya mbele na kuifuta. Lakini kwenye kona mistari ilikuwa miwili. Wa ndani ulikuwa bapa, umepaka udongo. Wa nje ulikuwa wa tairi mpya, matuta yake yamekatwa safi kwenye tope, nao ndio uliokuwa umeizunguka kona.